Safu ya Mwisho

Nyuma ya daftari la mahudhurio, baada ya safu ya Ijumaa,
nilichora safu nyingine kwa rula na wino mwekundu:
MAJI.
Lita tano kila mtoto, kila asubuhi.
Kikao cha wazazi kiliamua, mimi nikawa karani wake.
Tiki kwa aliyeleta. Duara kwa aliyekuja mikono mitupu.
Mwenye duara alirudi kwao na kivuli chake.

Hapa Mbwajumwali visima havikosekani.
Kinachokosekana ni maji yanayokubali sabuni.
Chai ya walimu tuliinywa kama mchuzi,
sukari ikashindwa kesi kila siku saa nne,
na watoto wa chekechea walishika matumbo katikati ya kuhesabu:
moja, mbili, tatu, mwalimu naomba ruhusa,
na huko chooni hakuna tone la kunawia.

Mwanakheri Shekuwe, darasa la tano,
mwezi wa Februari alikuwa na duara kumi na moja.
Kwao wako saba na ndoo mbili,
na foleni ya kisimani huanza kabla ya adhana.
"Mwalimu, mai hayakupatikana."
"Sema maji," nikamwambia. "Maji."
Nikamsahihisha neno, nikamfungia mlango.
Siku hiyo wenzake walijifunza sehemu:
lita moja, watoto wanne, kila mmoja apate ngapi?

Sijitetei. Mimi pia nyumbani nasema mai.

Na jabia lilikuwapo miaka yote, nyuma ya darasa la saba,
kuba lake limepasuka kama mkate wa mofa,
mbuzi wakilala juu yake, sisi tukilipita
kama mtu anavyopita kaburi lisilo la kwao.
Fundi Lali Famau akashuka ndani kwa kamba.
Akatoa viatu vitatu, vyote vya mguu wa kushoto,
mpira, fuvu la paka, udongo wa miaka arobaini.
Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
"Waliojenga hili," akasema, "hawakuwa na tenda."

Wazazi wakabeba mchanga, wakapepeta chokaa.
Pesa za mifereji ya paa zilipotea, zikarudi pungufu;
hilo nitalisema siku nyingine.

Kisha tukangoja. Masika hayana mkataba na mtu.
Yalikuja usiku wa Jumatano,
nami nikakimbilia shuleni, leso kichwani,
kuugeuza mfereji pembeni:
maji ya mwanzo ni ya kuosha paa,
kinyesi cha kunguru na vumbi la kaskazi.
Nilihesabu hadi mia sita, nimelowa hadi mfupani,
ndipo nikaurudisha.
Sauti ile sina mfano wake.
Ilikuwa sauti ya maji yakiingia jabiani.

Chupa ya kwanza ikaenda Lamu kupimwa,
ikarudi na karatasi: tieni dawa, funikeni,
choteni kwa bomba, si kwa kopo.
Tukaweka bomba. Tukaweka kufuli. Tukaweka kamati.
Kamati ikaandika ukutani kwa chaki:
MAJI YA SHULE HAYATOKI SHULENI.

Sasa ni Juni. Safu nyekundu iko wazi, kurasa nne.
Matumbo yametulia, chai imekuwa chai.
Mwanakheri amefika kwenye desimali
na hakosi hata siku moja,
na bado huja na dumu lake la njano.
Asubuhi ni tupu, linamgonga goti.
Jana saa tisa alisimama mlangoni pangu:
"Mwalimu, niteke mai kidogo? Mama amejifungua."

Sikumsahihisha.
Sikusema ndiyo.
Nilifungua daftari nyuma, baada ya Ijumaa,
nikainamisha kichwa, nikaanza kupiga mistari kwa rula,
polepole, mistari isiyohitajika,
huku bomba likilia, likinyamaza,
na hatua zikipita mbele ya ule ukuta wa chaki,
bega moja juu, bega moja chini,
mpaka niliposikia geti.